Kopo Chini ya Chitete

Siku ya arobaini ya Mama Yusufu, upepo wa Tunduma uliingia chini ya turubai ukalipandisha na kulishusha, kama mtu anayefunua shuka kuona nani amelala. Nilikaa na wanawake upande wa jikoni, kanga nimejifunga hadi kwenye paji la uso, nikichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Nyuma ya ukuta malori yalikuwa kwenye foleni yao ya siku zote kuelekea mpakani, na moshi wao ulikuwa umeshaingia kwenye pilau kabla hatujaipakua. Hapo ndipo baba mdogo wa Yusufu, mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliponiita pembeni. Pembeni nikamkuta Zeki. Nilikuwa sijamwona kwa miaka mingi. Amekuwa fundi wa simu Mbeya, ameota kitambi, lakini bado husimama kwa mguu mmoja na kuukunja mwingine nyuma ukutani, kama tulipokuwa na miaka kumi na minane.

"Atu, wewe na Zeki ndio wenye lile kopo," mzee alisema.

"Ndiyo, baba," nikajibu.

"Tunataka tumsomee hitima na Yusufu. Shemeji alikataa mpaka anaingia kaburini. Kila tukimgusia anasema kitu cha Yusufu bado kimo kwenye kopo, kwa hiyo hajarudi, na mtu ambaye hajarudi yuko njiani, hasomewi. Sasa mwenye kukataa hayupo. Nendeni mkatazame mara ya mwisho. Mkikikuta, mkilete. Tumsomee tukiwa na cha kushika."

Zeki akashusha mguu ukutani. Hakuna aliyeuliza tutajisikiaje. Mimi mwenyewe sikujiuliza, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kwenye korongo liliko kopo hilo kila kiangazi kutazama kitu hicho hicho, na kila mara nilirudi na jibu lile lile kwa Mama Yusufu aliyenisubiri mlangoni. Nilidhani moyo wangu umeshazoea. Kumbe uliweza kuzoea kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuzoea, na sasa amekwenda, na mzigo wake umeangukia kwangu mzima mzima.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule tuliomaliza kidato cha nne na kukaa. Sina neno lingine. Tulikaa. Matokeo yalitoka na mvua za mwanzo wa mwaka. Mimi nilipata ya kuchechemea, Zeki akapata ya kuchekesha, na Yusufu, ambaye alijua kufungua injini ya lori na kuifunga tena akiwa anaimba, akapata sifuri. Alisoma jina lake kwenye simu, akaizima, akaomba chai. Tulikuwa kwenye stoo ya matairi ya baba yake, kule Chapwa, na kwa mwaka mzima hicho ndicho kilikuwa chumba chetu. Matairi yalipangwa hadi darini. Katikati palibaki nafasi ya mkeka mmoja. Joto la mchana liliyalainisha na chumba kikanuka mpira mpya na barabara ya zamani, na hadi leo nikipita kwa mtu wa pancha napata njaa, kwa sababu harufu hiyo ilikuja daima pamoja na chapati za Mama Yusufu.

Alizileta zimefungwa kwenye kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe maua mekundu pembeni. Madereva waliotoka Dar walimletea nazi, na yeye akapika maharage ya nazi katika mji ambao haujawahi kuona mnazi. Zeki, mtoto wa milima ya Ileje, alikulia ugali na maharage yaliyochemshwa kwa chumvi, na siku ya kwanza alipoonja alitazama bakuli kama limemtukana.

"Vipi, Zeki, hayajaiva?" Mama Yusufu aliuliza.

"Mama," Zeki akasema, kwa Kiswahili chake cha kuvuta mwisho wa maneno, "kule kwetu maharage tumekuwa tukiyaonea."

Mama alicheka hadi akajishika kwenye tairi. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi, mzaliwa wa Kigoma, aliyemfuata mume na biashara ya malori hadi mwisho wa nchi. Nyuma ya kicheko chake kulikuwa na sikio lililosikiliza ukutani. Upande wa pili wa ukuta huo madereva na mawakala walikaa kwenye benchi wakinywa kahawa, na maneno yao yaliingia kwetu kupitia tundu la dirisha bila kuombwa. Walizungumza habari za Sauzi. Lusaka, halafu Chirundu, halafu Harare, halafu mto wa kuingilia Sauzi. "Ukishavuka mto umemaliza," sauti moja ilisema, na nyingine ikajibu, "Au mto umekumaliza," na benchi zima likacheka. Yusufu alikuwa akisikiliza huku akizungusha vidoleni kifuniko cha valvu, kile kidogo cha shaba kinachofunika mdomo wa mpira wa tairi. Kilitoka kwenye lori la kwanza la baba yake, lililokwisha kuuzwa vyuma chakavu. Alikizungusha hata akiwa usingizini. Mama yake alikuwa akimtazama akikizungusha, halafu anatazama ukuta.

Mvua zilipokwisha, Zeki alipata kazi ya kutandika vitanda kwenye gesti moja ya karibu na barabara kuu, na huko akamkuta mgeni wetu. Alikuwa Mjerumani, mzee mkavu, aliyekuwa akizunguka Afrika kwa baiskeli na malaria ikamwangusha Tunduma. Zeki alimpelekea maji na uji wa ulezi, na yule mzee alipopata nguvu ya kukaa akamwonyesha kitu kwenye simu. Zeki alikuja stoo mbio.

"Oya, kuna mchezo," alisema. "Watu wanaficha kopo porini. Wanaandika kwenye mtandao liko wapi. Halafu watu wengine, hata hawajuani, wanakwenda na simu wanalitafuta."

"Kopo lina nini?" Yusufu akauliza.

"Takataka. Kijimagari, kitufe. Ukichukua kimoja unaacha kingine. Halafu unalirudisha pale pale."

"Na anayeshinda anapata nini?"

"Hakuna anayeshinda."

Yusufu akaacha kuzungusha kifuniko. "Basi huo ni wa kwetu," alisema.

Tulikwenda gesti. Mzee yule alituonyesha ramani ya dunia na makopo yote kama nukta za kijani. Ulaya ilikuwa kijani tupu, kama mboga iliyomwagika. Alishuka na kidole hadi kwetu, na kwetu palikuwa peupe. Mbeya palikuwa na nukta chache. Vwawa hakuna, Tunduma hakuna. Halafu, chini ya Chitete, mahali ambapo uwanda unavunjika na kutelemka kuelekea bonde la joto, palikuwa na nukta moja. Kuna mpita njia aliliweka kopo pale miaka ya nyuma, na tangu hapo hakuna aliyeandika kuwa amelipata. Nakumbuka tulivyoinamia ile simu, watatu, vichwa vikigusana. Leo najua kilichotushika. Kwa miezi mingi tulikuwa tumeambiwa, na karatasi ya matokeo, na wazazi, na benchi la ukutani, kwamba hakuna anayetuhitaji popote. Na sasa kulikuwa na kitu kimoja duniani kilichokuwa kinasubiri kutafutwa, na waliokuwa karibu nacho kuliko binadamu wote wengine walikuwa sisi.

Tulipanda gari la abiria, Noah, hadi Chitete, tukatikiswa na ile barabara mpaka meno, kisha tukatembea. Watu wa huku juu tunajua baridi. Mwezi ule wa sita Tunduma tulikuwa tumevaa masweta. Lakini unapotelemka unavua kimoja kimoja. Nyasi zinakwisha, miti inabaki vijiti, udongo unageuka changarawe, na ghafla ardhi inapasuka miguuni pako na kuna korongo. Kuta zake ni nyekundu na zimepigwa mistari kama mkate uliokatwa. Chini ni mchanga mtupu, mweupe, mpana kama barabara ya lami, ambao mvua huugeuza mto kwa siku chache na kuuacha tena. Mjerumani alikuwa amepaita jangwa, nasi tulimcheka. Tulipofika chini hatukucheka. Hakukuwa na ndege. Jua lilikuwa limesimama kati ya kuta mbili na halikuwa na haja ya kwenda kokote.

Huko chini ndiko simu ya Yusufu ilikofanya kituko. Watu wa mpakani wanakijua. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikishika mnara wa kule, saa inarudi yenyewe. Ndiyo maana Tunduma mtu akikupa miadi lazima uulize: saa ya huku au ya kule? Tulikuwa tumepoteza mtandao tangu Chitete, na mle korongoni, sijui kwa upenyo gani wa miamba, simu ikadaka mnara wa Zambia. Saa tano ikawa saa nne. Yusufu akaiinua juu ili tuione.

"Jamani, tumeongezewa saa moja ya kuishi," alisema. "Tuitumie vizuri."

Hatukuitumia vizuri. Tulikuwa tumeinama kwenye mawe, mikono ndani ya nyufa, tuliposikia mtu akikohoa juu yetu kwa makusudi. Ukingoni walisimama wanaume kama sita wenye majembe na sururu, na mbele yao mwenyekiti wa kitongoji, mrefu, kavaa jezi ya mpira iliyochakaa na koti juu yake.

"Shikamoo," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba. Mnatafuta nini?"

"Kopo, mzee," Yusufu akajibu.

"Kopo la nini?"

"La bati tu."

"Lina nini ndani?"

"Vitu vidogo vidogo. Havina thamani."

Mwenyekiti aliwageukia wenzake, kisha akatugeukia. "Mmetoka Tunduma, mmekodi gari, mmeshuka kwenye jua hili, mnatafuta kitu kisicho na thamani."

"Ndiyo, mzee."

"Nani amewaelekeza?"

Na Zeki, ambaye hajawahi kujua wakati wa kunyamaza, akasema, "Kuna Mjerumani."

Mguno uliopita ukingoni pale siwezi kuusahau. Sehemu hizi hakuna mtu asiyejua kwamba Wajerumani walipokimbia vita walifukia rupia zao na kwamba wajukuu wao wanarudi na ramani. Hatukuwa na namna ya kulirudisha lile neno. Wale watu walishuka wote, na kuanzia hapo tuliongozwa na kusindikizwa kwa wakati mmoja. Simu ilipiga mlio, mshale ukageuka, na chini ya jiwe lililolala kama ulimi Yusufu akaingiza mkono hadi begani. Akatoa kopo la bati la mfuniko wa kubana, limefungwa kwenye nailoni. Kijana mmoja alikuwa ameshainua sururu, sijui ya nini.

"Lifungue hapa," mwenyekiti akaamuru. "Polepole."

Ndani kulikuwa na gololi, kijimagari cha plastiki kisicho na gurudumu moja, kitufe cha koti, sarafu ya nchi ya mbali, na karatasi tupu ya kuandika majina. Wanaume sita waliitazama gololi. Mmoja aliigonga kwa ukucha.

"Hizi ndizo rupia?" akauliza.

"Mwe!" mwenyekiti akasema. Akakaa kwenye mchanga, akavua koti. "Mzungu huyu katoka kwao, kavuka bahari, kaja kuficha kitufe."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa yeye. Baada yake tulicheka wote, wale wenye majembe na sisi, na kuta zikatucheka tena. Yusufu akawaeleza kanuni: ukichukua, unaacha. Mwenyekiti akafikiri kwa uzito, kama mtu anayepitisha hukumu ya mpaka wa shamba. Akachukua gololi kwa ajili ya mjukuu wake, na kutoka mfuko wa koti akatoa punje moja ya mahindi ya mbegu, ya rangi ya waridi kwa dawa, akaiweka. "Sasa na sisi tumo," alisema. "Hakuna mchungaji atakayeligusa. Nitatangaza."

Hiyo ndiyo furaha niliyo nayo ya mwaka ule, na naandika haraka kuipita kwa sababu haikai.

Tulirudi korongoni mara kadhaa kiangazi kile. Hakukuwa na nukta nyingine ya kutafuta, kwa hiyo tulikwenda kulitazama lile lile, kuona kama kuna aliyepita. Hakupita mtu. Mjerumani alipona, akavuka mpaka, akaenda zake. Stoo ya matairi ilizidi kuwa ndogo. Mchana mmoja tukiwa tumelala kwenye mkeka tulisikia upande wa pili wa ukuta si madereva, bali wazazi wa Yusufu.

"Mtoto wa kiume hawezi kuzeeka kwenye stoo yangu," baba yake alikuwa anasema. "Dereva namjua, wa nyumbani. Atampeleka mpaka Harare. Wenzake wako huko."

"Wenzake wako huko, umewaona?"

"Wanatuma salamu."

"Salamu hutumwa na mtu yeyote," Mama Yusufu akasema. "Mimi nataka mtoto wangu akae hapa ale. Kwani amemaliza unga wa nani?"

Yusufu alikuwa amelala chali kati yangu na Zeki. Niliona kifuniko cha valvu kimesimama kati ya vidole vyake. Ningeweza kusema neno. Nilimpenda, na yeye alijua, na Zeki alijua, na matairi yalijua. Lakini ningemwambia abaki kwa ajili ya nini? Mapenzi yangu yalikuwa na ukubwa wa mkeka ule ule ambao tayari ulikuwa unamkaba.

Safari ya mwisho ilikuwa kabla tu ya mvua. Bonde lilikuwa linaungua. Joto la mchanga lilipenya soli. Tulikaa chini ya jiwe lile, kwenye kivuli chembamba kama kamba, tukala chikanda tuliyonunua Nakonde, upande wa Zambia, ile ya mizizi inayokatwa vipande kama soseji, na Yusufu akasema jambo ambalo lilikuwa limeshaamuliwa.

"Kila mtu aweke kitu chake," alisema. "Halafu anayeondoka akirudi, kabla hajafika hata nyumbani, anakuja hapa. Anachukua chake, anaacha kitu cha huko alikotoka. Wengine wakija wataona. Hakuna haja ya simu wala salamu za watu."

"Wewe ndiye unayeondoka," Zeki akasema. "Sema mimi. Usiseme anayeondoka."

"Haya. Mimi."

Zeki akaweka kibao cha plastiki cha ufunguo wa gesti. Mimi nikaweka hereni moja, nikabaki na nyingine. Yusufu akaweka kifuniko cha valvu. Nilitazama mkono wake baadaye, tukipanda. Vidole vilikuwa bado vinazungusha, na havikuwa na kitu.

Aliondoka bila kuaga, kwa sababu mama yake asingemwachia mlango. Alivuka kwenda Nakonde mapema, akajificha kwa dereva, na mchana akatuma ujumbe kwenye simu ya mama: "Tunaondoka saa kumi jioni, nyuma ya maegesho ya malori. Njoo unipe radhi, mama. Nisamehe." Mama Yusufu hakulia na wala hakupiga kelele. Alikanda unga. Alipika chapati moja baada ya nyingine, uso umefungwa kama duka, akazipanga kwenye kile kitambaa cha maua mekundu, akaniita twende naye. Nikamuuliza swali ambalo kila mtu wa Tunduma huuliza.

"Saa kumi ya huku, au ya kule?"

"Yuko kule," alisema. "Mtu akiwa kule anahesabu ya kule."

Ilikuwa sawa kabisa. Miaka yote aliyoishi mpakani hakuwahi kukosea. Mtu akiwa Nakonde akisema saa kumi, kwetu ni saa kumi na moja. Tulitembea bila haraka, tukapenya kati ya malori na wabeba mizigo, wanawake wa kule wakimsalimu "Mulishani, ba mayo!" naye akiitikia kwa adabu, furushi la chapati limekumbatiwa kifuani likiwa bado na moto. Nyuma ya maegesho palikuwa na doa la mafuta na alama za matairi. Kijana aliyekuwa akifagia alituambia lori la Mtanzania liliondoka kitambo, saa nzima sasa. Dereva alikuwa wa nyumbani. Alikuwa anatumia saa ya nyumbani.

"Yule kijana wake alikuwa anachungulia chungulia tu," mfagiaji alisema. "Dereva akamwambia, panda bwana, mama yako haji."

Mama Yusufu alikaa chini, pale pale kwenye mafuta, na nguo yake nzuri. Nilimshika bega. Chapati zilikuwa za moto mapajani mwake.

Yusufu alipiga simu mara moja, kutoka Harare. Alisema kesho wanavuka mto. Mama alitaka kumweleza habari ya saa, laini ikakatika. Baada ya hapo, hakuna. Mtu mmoja alidai amemwona Johannesburg anauza kava za simu. Mwingine alisema kundi lile halikufika upande wa pili. Benchi la ukutani lilisema yote mawili kwa sauti ile ile. Mimi, nikitafuta cha kumfariji, nikamweleza Mama habari ya kopo, na yeye akaishika kama mtu aliyekuwa anazama. Kila kiangazi alinifungia chapati na kunituma. Mwanzoni nilikwenda na Zeki, halafu Zeki akahamia Mbeya, nikawa nakwenda peke yangu. Niliporudi nilimkuta mlangoni.

"Kipo?"

"Kipo, mama."

"Basi bado hajafika," alikuwa akisema, na kunipisha niingie ndani nile. Hata Baba Yusufu alipofariki, Mama aliuliza vile vile. Alipoanza kuumwa na yeye, akawa anauliza akiwa kitandani. Siku moja alinishika mkono akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo dogo la nyumbani, "Atu, mwanangu si kwamba amepotea. Amenitangulia saa moja tu. Nikipata ile saa, namfikia."

Wiki iliyofuata arobaini, mimi na Zeki tulishuka. Barabara ya Chitete ilikuwa ile ile, meno yetu ndiyo yamebadilika. Mwenyekiti alikuwa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, amekonda, amevaa koti lile lile au ndugu yake. Hakutuuliza tunatafuta nini. "Hakuja mtu," alisema, kabla hatujafika vizuri. "Nimewakataza wachungaji. Wanangu nimewakataza. Hakuja."

Kopo lilikuwa chini ya jiwe, limepata kutu kwenye mshono. Punje ya waridi ilikuwemo, na kijimagari, na kitufe, na sarafu, na kibao cha ufunguo wa gesti ambayo imeshavunjwa, na hereni yangu. Kifuniko cha valvu kilikuwa chini kabisa. Shaba imekuwa nyeusi. Zeki alikitoa akakiweka kiganjani kwangu, na kilikuwa chepesi mno. Kama jino la mtoto.

"Tumchukue," alisema. Hakusema tukichukue.

Nilifungua mkoba. Siku ya arobaini walipogawa vitu vya marehemu, mimi niliomba kitambaa cha chapati. Maua mekundu yamefifia, na pembeni kuna doa la mafuta ya dizeli ambalo hakulitoa hata siku moja, ingawa alikuwa mwanamke wa kufua. Nilikikunja hadi kikawa kidogo, nikakiweka kwenye kopo mahali pa kile kifuniko. Sikufanya hivyo kwa matumaini. Nataka hilo lieleweke. Nilifanya kwa sababu hiyo ndiyo kanuni, na kanuni ilikuwa kitu pekee alichotuachia.

Zeki alikuwa ameinua simu yake kupiga picha ya jiwe. Akaishusha. Akanionyesha. Ilikuwa imedaka mnara wa Zambia. Saa tano ilikuwa imekuwa saa nne.

Tulitazamana. Jua lilikuwa limesimama kati ya kuta mbili.

"Tukae," Zeki akasema. "Ndiyo saa yake hii."

Tukakaa kwenye mchanga, kwenye kamba ya kivuli, migongo kwenye jiwe, na nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Nilikuwa nikizungusha kifuniko vidoleni, nikijifunza jinsi alivyokuwa akifanya. Nilisikiliza changarawe. Niliisikiliza saa nzima aliyoikosa mama, dakika kwa dakika, mahali ambapo ilikuwa imerudishwa bure, kwa watu wasiohusika. Simu ilipoonyesha tena saa tano, Zeki akasimama, akajipangusa mchanga, akanipa mkono.

Hakuna aliyekuja. Tukapanda kwenda kuwaambia wamsomee.